Jibu: Warshawa chini ya Wajerumani, 1939–1944

Ndugu, umeuliza kama wakazi wa Warshawa, mji mkuu wa Poland, wasioshika bunduki walikaa tu wakingoja vita viishe. Hata kidogo. Wajerumani walifunga vyuo vikuu na sekondari za Wapolandi, wakaacha shule za msingi na za ufundi. Basi walimu wakahamia sebuleni: wanafunzi wachache, wanaingia mmoja mmoja, daftari zimefichwa, na mitihani inafanyika humo humo. Aliyekamatwa aliweza kupelekwa kambini au kuuawa. Kwangu mimi hakuna upinzani uliohitaji moyo kama huo, maana uliendelea kwa miaka.

Halafu chakula. Mgao wa kadi haukutosha, kwa hiyo nyama na unga viliingia kwa magendo kutoka vijijini, mara nyingi na wanawake waliopanda treni wakiwa wamevificha ndani ya nguo. (Wayahudi waliofungiwa geto, yaani mtaa wao uliozungushiwa ukuta, waliteseka zaidi; huko hata watoto wadogo walibeba magendo.)

Mwaka 1942 ilianza kuchorwa nanga kutani, alama ya Poland inayopigana. Viwandani walichora kobe, yaani fanya kazi polepole. Na gazeti la siri, Biuletyn Informacyjny, lilipita mkono kwa mkono tangu Novemba 1939.