Spitz wa Kijapani anayeruka kwa mguu mmoja

SWALI: Habari daktari. Nina mbwa aina ya Spitz wa Kijapani, dume wa miaka miwili, kimo sentimita 35 mabegani, uzito kilo 11. Nilimnunua awe mlinzi wa boma. Siku hizi akikimbia huinua mguu wa nyuma wa kushoto, huruka hatua tatu nne, kisha huendelea kama kawaida bila kulia. Anayemwosha ananishauri nimnyoe kwa sababu ya joto. Usiku hubweka hadi majirani wanalalamika, na mmoja wao anataka ampandie jike lake. Nifanyeje? – Msomaji, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Tuanze na mguu, maana hayo mengine yanaweza kungoja.

Ulivyoeleza, dalili hizo ni za kilegesambwa kinachohama, kasoro inayojulikana zaidi katika aina hii ya mbwa. Kifupa hicho cha mbele ya goti huteleza ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Kwa mbwa wengi wadogo mfereji huo hauna kina cha kutosha, na mahali kano yake inaposhikilia muundi pamesogea upande wa ndani. Msuli wa paja ukivuta, kifupa huchomoka kuelekea ndani, goti hukwama, mbwa akainua mguu. Akiunyoosha kwa nyuma, kinarudi mahali pake. Ndiyo sababu unamwona mzima baada ya hatua chache.

Sisi huipima kwa madaraja manne. La kwanza, kifupa hutoka daktari akikisukuma tu, na akiachia kinarudi. La pili, hutoka na kurudi chenyewe. Wako anaelekea kuwa hapa. La tatu, kimekaa nje na hurudi kikisukumwa, lakini hakikai. La nne, hakirudi kabisa. Upasuaji wa kuchimba mfereji na kuhamisha mahali pa kano hufanywa kwa daraja la tatu na la nne, na kwa la pili mbwa akiwa anachechemea mara kwa mara. Ukikaa tu, gegedu husagika, na kano za ndani ya goti huweza kukatika.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifugo, mrekodi kwa simu akitembea na kukimbia kwenye sakafu ngumu, kutoka nyuma na kutoka ubavuni. Kliniki mbwa huogopa na hatembei inavyotakiwa. Mwangalie pia ufizi na umpime joto. Ufizi ukiwa mweupe, joto likizidi nyuzi 39.5, au uchechemeaji ukihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, basi shaka yangu itahamia kwenye ugonjwa wa kupe, na damu ipimwe siku hiyo hiyo. Wala usimpe paracetamol, ibuprofen au diklofenaki ya binadamu. Dawa hizo huharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na wanaoletwa kwetu wakitapika damu baada ya kupewa si wachache.

Sasa huo uzito. Spitz wa kimo hicho hatakiwi kuzidi kilo 8 na nusu hivi, na kila gramu ya ziada inalalia goti lile lile. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihesabike bila kubonyeza. Kwa kuwa manyoya yanadanganya macho, tumia vidole na mizani. Mpe takriban kalori 350 kwa siku, yaani gramu 100 za chakula kikavu chenye kalori 350 kwa kila gramu 100, kwa milo miwili, kikipimwa kwa mizani ya jikoni. Kipande cha ugali cha gramu 100 peke yake kinazidi kalori 100, karibu theluthi ya siku nzima, hivyo kile anachotupiwa na watoto mezani kikome. Apungue gramu 110 hadi 220 kwa wiki. Miezi minne au mitano itatosha. Tandika mkeka mahali penye vigae vinavyoteleza, na ukate kucha kila wiki tatu au nne.

Kuhusu kunyoa, hapana. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, na hewa inayonaswa humo hupunguza joto la nje kufika mwilini. Ngozi iliyo chini ni nyeupe na huungua jua la Kisumu upesi, na mbwa wa jamii ya spitz wakinyolewa wakati mwingine manyoya hayarudi sawa kwa mwaka au zaidi. Mchane hadi kwenye ngozi mara mbili au tatu kwa wiki, mwoshe kila wiki nne hadi sita, kisha umkaushe kabisa. Tabaka la ndani likibaki na unyevu, ngozi hutoka vidonda. Kibanda cha mabati kilicho juani ndicho hatari kubwa kuliko manyoya.

Kubweka ndiko kazi yake. Aina hii ilitengenezwa Japani miaka ya 1920 na 1930 kutokana na spitz weupe walioletwa kutoka nje, na masikio yake ni makali kweli. Ni mbwa wa kutoa taarifa, si wa kuuma. Usimtegemee amzuie mwizi. Ukimfungia mahali anapoona barabara, kila bodaboda ni mgeni. Alale ndani ya nyumba karibu na mlango, ambapo pia hatatupiwa nyama yenye sumu. Akibweka, nenda uangalie, sema “basi” mara moja, na akinyamaza mpe punje moja ya chakula chake cha siku, si kitu cha ziada. Ukimpigia kelele anadhani mnabweka pamoja.

Jirani mwambie hapana. Kasoro hii hurithiwa, hivyo hata goti likionekana kuwa la daraja la kwanza tu, dume huyu asipandishwe. Naye jike apimwe magoti yote mawili kabla ya kutafutiwa dume mwingine.