Redio ikikwaruza, usianze na programu

Kwenye programu yoyote ya kuchakata sauti, kitufe ninachokitafuta kwanza ni kile kinachoipitisha sauti bila kuigusa. Nikishajua kilipo, ndipo ninapogusa vingine. Nimefunga programu hizi kwenye studio ndogo za FM, kwenye redio za mtandaoni zinazoendeshwa kutoka chumba kimoja, na kwenye kompyuta za nyumbani za watu wanaotaka tu muziki wao usikike vizuri. Malalamiko ni yale yale: sauti inakwaruza, inapanda na kushuka, inakatika, au herufi "s" inachoma masikio. Mara nyingi ukikibonyeza kitufe hicho, kasoro inabaki palepale. Basi tatizo liko kabla ya programu au baada yake, na hakuna haja ya kukesha ukivuta vitelezi.

Kwa upande wa redio mimi hutumia zaidi Stereo Tool, kazi ya Mholanzi Hans van Zutphen. Inafanya ndani ya kompyuta kazi ambayo tangu miaka ya 1970 ilifanywa na masanduku ya bei kubwa kama Optimod ya Bob Orban: kusawazisha sauti kubwa na ndogo, kuibana besi na trebo kila moja kivyake, kuzuia vilele visizidi kiwango, na ukitaka, kutengeneza mawimbi yote ya stereo yanayoingia kwenye transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo. Kuijaribu ni bure, ila baadhi ya sehemu zake zinalipiwa. Kwa kituo cha jamii kinachoishi kwa michango, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini anza na waya. Kuna kituo ambacho mtangazaji alisikika vizuri ndani ya hedifoni za studio, ila kwenye simu na redio ndogo sauti yake ilitoweka, ikabaki miziki peke yake. Kila mtu aliishuku sehemu ya programu inayotanua stereo. Kumbe sauti ya maiki ilitoka kwenye mikisa kwa waya mbili zinazobeba sauti ileile kwa kinyume, kama zinavyotoka kwenye vifaa vya kitaalamu, na jeki yake ilichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la stereo la kompyuta. Kushoto kukapata sauti, kulia kukapata kinyume chake. Redio yenye spika moja inazijumlisha hizo mbili, na jumla yake ni kimya. Hakuna kitelezi kinachotibu hali hiyo. Dawa ni waya sahihi. Kabla ya kituo kwenda hewani, geuza usikilizaji uwe mono, yaani pande mbili zijumlishwe kuwa moja, na umsikilize mtangazaji. Akipotea, shika waya, si kipanya.

Mngurumo wa chini usiokoma nao ni hivyo hivyo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo huo ni umeme unaoingia kwenye sauti, mara nyingi kupitia chaja ya kompyuta mpakato. Chomoa chaja, ifanye kompyuta ikae kwenye betri. Mngurumo ukiisha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kati ya mikisa na kompyuta. Usikate waya wa ardhi kwenye plagi. Nimeona wanaofanya hivyo, na ni kuhatarisha maisha ya mtangazaji anayeshika maiki ya chuma.

Jambo linaloharibu FM nyingi ndogo ni trebo kuongezwa mara mbili. Kanuni ya FM ni kwamba trebo huinuliwa kabla ya kurushwa, kisha redio ya msikilizaji huishusha, na kwa kushushwa huko mchakacho wa nyuma nao unapungua. Afrika na Ulaya kiwango cha kuinua huko ni mikrosekunde 50. Marekani ni 75. Kwa 50, sauti ya kilohezi 15 inainuliwa karibu desibeli 14, na hicho si kiasi kidogo. Sasa programu ikiinua, na transmita nayo ikaachwa iinue, redio inashusha mara moja tu. Msikilizaji anabaki na "s" na "sh" kama wembe, halafu limita ya transmita, ile inayozuia vilele, inazikata kwa nguvu na kuongeza mkwaruzo. Kiswahili kimejaa sauti hizo. Isikilize tu taarifa ya habari yenye "sisi", "shule" na "masharti" utanielewa. Chagua sehemu moja tu ya kuinua. Mimi huiachia programu, kwa sababu inajua kubana trebo kabla haijavuka mpaka, kisha nazima kuinua huko kwenye transmita. Angalia pia kama priseti uliyoipakua, yaani mpangilio uliokwisha tayarishwa, haikutengenezwa kwa ajili ya Marekani, maana utaikuta imewekwa 75.

Ukiamua programu itengeneze mawimbi ya stereo yenyewe, kadi ya sauti lazima iende kwa kasi ya sampuli ya kilohezi 192, kwenye programu na kwenye Windows pia. Ishara ya kuitambulisha stereo iko kilohezi 19, tofauti ya kushoto na kulia inabebwa kuzunguka 38, na maandishi ya RDS, kama jina la kituo linaloonekana kwenye redio, yako 57. Kadi iliyobaki kwenye 48 haiwezi kutoa kitu chochote kinachozidi nusu yake, kilohezi 24. Matokeo yake ni ya kutatanisha sana: taa ya stereo kwenye redio inawaka, kwa kuwa ishara ya 19 inapita, lakini pande zote mbili zinatoa sauti ileile. Ukiliona hilo, usibadilishe antena.

Sauti ikikatika au kutoa "tiki", chukua saa na usikilize. Tiki zinazokuja kwa mpangilio, mathalani kila baada ya dakika zilezile, ni dalili kwamba sauti inaingia kwa kifaa kimoja na kutoka kwa kingine, na saa za ndani za vifaa hivyo hazilingani. Fikiria kimoja kinahesabu sampuli 48,000 kwa sekunde na kingine 48,001. Bafa, yaani akiba ya muda ya sauti, yenye sampuli 480 itaisha kila dakika 8, na hapo ndipo tiki inaposikika. Kuongeza bafa kunaisogeza tu mbele. Tumia kifaa kimoja kuingizia na kutolea. Tiki zisizo na mpangilio ni habari nyingine: kompyuta imelemewa, draiva ya Wi-Fi inaichelewesha, au Windows inazima tundu la USB ili kubana matumizi ya umeme. Programu ya bure ya LatencyMon inaonyesha draiva gani inachelewesha wenzake.

Sasa niseme juu ya AGC, sehemu inayoinua sauti ikiwa ndogo na kuishusha ikiwa kubwa, maana hapa ndipo ladha ya kituo inapojengwa au kubomolewa. Priseti nyingi zimetengenezwa kwa muziki wa dansi usiopumua. Ziwekee kisomo cha Kurani usikie. Msomaji anatua mwisho wa aya, AGC inadhani sauti imepungua, inaanza kuinua. Feni inakuja, jenereta ya jirani inakuja, kisha msomaji anaanza aya inayofuata na neno la kwanza linapasuka kama kelele kabla halijashushwa. Ule utulivu alioukusudia umenyang'anywa, na hilo linaniuma kwa sababu kutua nako ni sehemu ya kisomo. Fungua maiki bila mtu kusema, soma kelele ya chumba iko wapi. Ikiwa desibeli 50 chini ya sifuri, weka kizingiti cha AGC kwenye 42 hivi chini ya sifuri, ili chini ya hapo isiinue chochote. Kisha punguza kasi ya kuinua. Mahubiri, mashairi na mahojiano yenye wazee wanaozungumza polepole yanahitaji mpangilio huohuo.

Santuri za zamani nazo zionee huruma. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na rekodi za enzi hizo zina mchakacho wa sindano mwanzo hadi mwisho. Kompresa, sehemu inayobana sauti, ikiibana trebo kivyake itaunyanyua mchakacho huo juu ya sauti ya mwimbaji. Kwa kipindi cha taarab asilia tengeneza priseti ya pekee, yenye kubana kidogo na trebo isiyosukumwa.

Kwa redio ya mtandaoni usitumie priseti ya FM kabisa. Mtandaoni hakuna kuinua trebo, na sauti iliyokatwa vilele kwa nguvu ikishaingia kwenye MP3 inazidi kiwango tena na kukwaruza. Weka dari kwenye desibeli 1 chini ya sifuri. Kagua pia programu ya kurushia, kama BUTT, maana nayo ina ikwalaiza na kompresa yake; zizime. Zima vilevile maboresho ya sauti ya Windows. Kisha mfikirie msikilizaji anayenunua bando: kilobiti 128 kwa sekunde zinamla karibu MB 58 kwa saa, na 64 zinamla nusu ya hapo. Hotuba iliyochakatwa kwa upole inasikika safi kwa 64 za AAC, mfumo mwingine wa kubana sauti kama MP3. Iliyobanwa kupita kiasi haisikiki safi hata kwa 128.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Kwenye Windows, Equalizer APO ni bure na inatosha. Kanuni yake ni moja: ukiinua besi desibeli 6, shusha sauti ya mwanzo (preamp) desibeli 6, la sivyo itapasuka kwenye kila mpigo wa ngoma. Ikiacha kufanya kazi baada ya Windows kujisasisha, fungua sehemu yake ya kuchagua vifaa, chagua tena kifaa chako, uwashe kompyuta upya. Na ujue haifanyi kazi kwenye kichezeshi kinachotumia ASIO, njia inayoukwepa mfumo wa sauti wa Windows.

Mwisho, hedifoni za Bluetooth. Muziki ukigeuka ghafla kuwa mwembamba kama sauti ya simu, ikwalaiza haina kosa. Kuna programu ya mikutano au ya kupiga simu iliyofungua maiki ya hedifoni, na Bluetooth imehamia kwenye hali ya mazungumzo. Nenda kwenye mipangilio ya programu hiyo, chagua maiki ya kompyuta yenyewe, na stereo itarudi.