Zabibu kavu za Dodoma kwenda Muscat

Ndugu yangu wa Kizota, umeuliza kama zabibu kavu unazofungasha hapa Dodoma unaweza kuzipeleka Muscat, Oman, zikiwa hivyohivyo. Zabibu ziache, badilisha pakiti. Hiyo picha ya bilauri ya mvinyo iliyo kwenye pakiti haina shida hapa kwetu, maana zabibu na mvinyo wa Dodoma havitengani. Oman mnunuzi atadhani ndani kuna kileo, na mwenye duka hataiweka rafuni. Lebo iwe na Kiarabu pia, na aiandike mtu anayekitumia kila siku, si programu ya simu.

Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanaongea Kiswahili, kwa hiyo utapata wa kukupokea, ila usibweteke. Usikimbilie bei. Utaletewa kahawa na tende, mtaulizana habari za nyumbani kwanza (Mgogo aliyezoea mbukwenyi, yaani salamu zetu ndefu, hapati taabu hapo). Pokea kikombe kwa mkono wa kulia. Ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, la sivyo wataendelea kukumiminia.

Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko yao, usipige simu kudai oda. Ramadhani saa za kazi hupungua, hivyo mzigo ufike mapema.

Na usione aibu kubadilika. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, pamoja na fedha zake zote, iliondoka Ujerumani 2006. Miongoni mwa yaliyowakera wateja wa huko ni wahudumu kuwatabasamia kwa amri, kama ilivyozoeleka Marekani.

Kabla hujachapisha lebo zote, tuma pakiti chache kwa wenye maduka kule wakukosoe.