Ukibadili injini, usikidharau kile kiboksi cha alumini

Gari yangu ni Toyota Mark II GX90, ilikuja na injini ya 1G-FE ya lita 2. Injini ilipochoka nikaamua kuweka 1JZ-GTE ya lita 2.5, ile ya zamani yenye turbo mbili. Ikafika gereji, huku Nyakato, Mwanza, imelazwa juu ya tairi, wayaringi imekatwa kama mtu aliyekuwa anakimbizwa, na salfeti moja imejaa soketi na vidude vilivyofungwa kwa gundi ya karatasi. Nikawa navitoa kimoja kimoja namuuliza fundi hiki ni nini. "Bosi, vingine hapo havina kazi." Kimojawapo kilikuwa kiboksi cha alumini kinachojaa kiganjani, na kilienda kwenye ndoo ya takataka. Nilikiokota kwa sababu kilionekana cha gharama, basi.

Ilikuwa ignaita.

Injini yangu ya zamani ilikuwa na distribyuta: koili moja ya kutengeneza umeme wa cheche, rota inagawa karenti kwa plagi sita. Hii mpya haina distribyuta, kila plagi ina koili yake. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, haina nguvu ya kuziendesha hizo koili yenyewe. Inatuma ishara ndogo tu kwa ignaita, na ignaita ndiyo inayokata na kuunganisha umeme wa koili. Kisha ignaita inarudisha jibu kwamba kazi imefanyika. Jibu lisiporudi, kontrol boksi inafunga injekta, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini. Hapo ndipo utasikia "pampu ya mafuta imekufa hii". Mimi nilinunua pampu. Iko nyumbani, mpya kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma namba, usisome sura. Futa uchafu kwa kitambaa chenye petroli kidogo, washa tochi ya simu. Kwa Toyota, namba inayoanza na 89621 ni ignaita, 90919-02 mara nyingi ni koili, 89661 ni kontrol boksi ya injini. Ukishajua namba, tafuta mchoro wa waya wa injini hiyohiyo, siyo ya "inayofanana nayo". Usifuate rangi za waya za gari lako la zamani. Nyeusi yenye mstari mwekundu upande wa bodi haina undugu wowote na nyeusi yenye mstari mwekundu upande wa injini.

Baada ya hapo ikaja shida ya moto, yaani umeme. Napiga stata, injini inazunguka vizuri, kimya. Nikiachia ufunguo, inashtuka mara moja kama inataka kuwaka, halafu inakata. Tulihangaika siku mbili nzima. Kumbe fundi alichukua moto wa koili kwenye waya wa redio. Waya ule una umeme ufunguo ukiwa ON, lakini ukipiga stata unakatika. Weka mita ya umeme kwenye waya wa koili, mwambie mwenzio apige stata, uangalie. Ikishuka hadi sifuri, umepata jibu bila kununua chochote. Tafuta waya wa swichi ambao una moto ON na wakati wa stata pia, na uupitishie fyuzi yake.

Gari ikawaka. Nikafurahi nusu mwezi.

Siku moja natoka Nyegezi naelekea Misungwi, jua la saa nane. Nilipopita Usagara ikaanza kumisi, yaani silinda nyingine haziwaki, ikazimika. Nikakaa chini ya mti kama nusu saa, ikawaka. Kilomita chache mbele, tena. Dereva mmoja wa daladala akasimama, akaniambia gari ina mapepo. Nilipofungua boneti nikakiona kiboksi changu kimefungwa kwa kamba za plastiki kwenye wayaringi, kinaning'inia karibu na turbo. Nikakigusa, nikauondoa mkono haraka.

Ignaita inatoa joto lake kupitia mgongo wake wa chuma, na zipo ambazo ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, pia hupitia mgongo huohuo. Kuining'iniza kwa plastiki ni kuinyima vyote viwili. Yangu niliihamishia upande wa kushoto, mbali na turbo, juu ya fenda ya ndani. Nilikwangua rangi hadi chuma king'ae, nikakata kipande cha bati la alumini kiwe kitako, nikapaka grisi nyeupe ya kupitisha joto katikati, nikaikaza kwa boliti mbili zenye wosha za meno. Nikaongeza waya mnene wa ethi kutoka kwenye boliti hadi kwenye bloku ya injini. Soketi zinaangalia chini ili maji yasituame. Nilirudi Misungwi wiki iliyofuata, jua lilelile, na sikusimama.

Koili nazo zina ugonjwa wake. Kwenye injini hizi zimejificha chini ya kifuniko kati ya kamshafti mbili, joto limezikaanga miaka mingi, soketi zake zinavunjika kama biskuti ukizishika tu. Usizivute kwa waya. Nunua soketi mpya sita kwa pamoja, na andika namba ya silinda kwenye kila waya kabla hujakata ule wa kwanza. Silinda ya 1 ni ya mbele, upande wa rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukihisi koili mbovu, ihamishie silinda nyingine. Misi ikihama nayo, ni koili. Ikibaki palepale, angalia plagi, waya, au kama shimo la plagi limejaa oili.

Mvua zetu za alfajiri zinazotoka ziwani zilinifundisha kubadilisha pia mpira wa kile kifuniko cha koili. Na vijana wa kuosha magari kwa presha, waambie boneti wasifungue.

Kwenye salfeti bado kuna vidude vitatu. Viwili nimeshavisoma. Cha tatu namba imefutika, nimekiweka kabatini, na fundi amekatazwa kukigusa.