Kundi lina watu 143, wanaoongea 14

Mwezi huu barua tatu zimeangukia karibu sehemu moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Za mbolea ya kuku na mchwa subirini toleo lijalo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Mafinga, admini wa kundi la WhatsApp la wapenda maua wa nyanda za juu kusini. Tulianza watu ishirini, tukafika 152 kutoka Iringa mpaka Tunduma. Shida ni kwamba wanaoongea ni 14 tu, nimewahesabu. Waliobaki wanasoma, naona kabisa kwamba wamesoma, lakini hata asante hawasemi. Kila Jumatatu naweka mada, kwa mfano "Jadili umuhimu wa udongo katika upandaji wa maua", inajibiwa na wale wale. Mwezi uliopita nikatangaza kwamba asiyetuma picha wala kuuliza swali hadi tarehe 30 nitamtoa. Watu 9 wakajitoa wenyewe siku hiyo hiyo, wawili wakatuma picha walizookota mtandaoni, wengine kimya. Tarehe 30 imepita na sijamtoa mtu. Sasa naona aibu. Niwatoe, au nifanyeje?*
*Admini Mchovu, Mafinga*

Marahaba mwanangu, na pole. Usimtoe mtu. Na lile tangazo, kama bado umelibandika juu ya kundi, lifute kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza kuhesabu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark ambaye kazi yake ni kuchunguza namna watu wanavyotumia kompyuta na mtandao, aliandika kwamba kwenye makundi mengi ya mtandaoni, ukichukua watu 100, kama 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na mmoja ndiye anayejaza ukumbi. Wewe umebaki na 143, wanaosema 14. Ni ile ile moja ya kumi. Kikao cha harusi hapa kwetu Uyole kinaweza kuwa na watu arobaini, wanaosema ni mwenyekiti, mweka hazina, na yule mjomba asiyekosekana. Hakuna anayewafukuza waliobaki, maana siku ya sherehe ndio wanaobeba masufuria.

Mimi kimya nakijua kwa sababu nilishawahi kunyamaza. Miaka kadhaa iliyopita niliingizwa kwenye kundi moja la bustani, la watu wa mbali na huku. Nikasoma wiki mbili, nikapata moyo, nikatoka nje kupiga picha ya yale maua meupe yanayojiotea kando ya mfereji wangu, yaliyojikunja kama karatasi ya karanga na kijiti cha njano katikati, ambayo wanakwaya huja kuniomba kila Pasaka. Nikaandika: "Yungiyungi zangu za Uyole." Dakika haikupita, bwana mmoja akajibu: "Mama, yungiyungi huota majini. Soma kwanza ndipo utume." Akaweka na vikatuni vitatu vya kucheka. Alikuwa sahihi, nakiri. Lakini sikuandika tena kwa miezi saba. Nilisoma kila kitu, kupogoa mawaridi nimejifunzia humo humo, ila kila nikitaka kuandika kidole kinarudi nyuma. Admini wa kundi lile angeanza kuhesabu, mimi ningekuwa kwenye orodha ya wafu.

Kwa hiyo kabla ya kuwauliza kwa nini hawasemi, rudi juu kwenye mazungumzo yenu umtafute mgeni wa mwisho aliyetuma kitu kwa mara ya kwanza, uone kilimpata nini. Alijibiwa? Alichekwa? Au picha yake ilizama chini ya "Asubuhi njema" kumi na tano zenye kikombe cha chai na mstari wa Zaburi? (Hizo nazo muwe na huruma. Mtu wa Makete aliyenunua bando la siku anataka limfikishe jioni.)

Na ukanda wetu una mtihani wake, okidi. Kijana anakwenda Kitulo mwezi wa pili, nyanda zote zimefunikwa maua, anaona okidi nzuri, anaichimba, anaitia kwenye kopo la maziwa na kutuma picha kwa furaha. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kuchimba mmea pale ni kosa, na okidi nyingi za ardhini huishi kwa kutegemea kuvu waliomo kwenye udongo wake, hivyo ile ya koponi haiendi mbali. Okidi zetu zimeshateswa vya kutosha na wanaochimba viazi vyake kuvipeleka Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha kule. Lazima aambiwe. Lakini mwandikie pembeni wewe mwenyewe, umweleze kama unavyomweleza mdogo wako, na sheria uitangaze kundini siku nyingine bila kumtaja. Ukiacha watu kumi wamshukie mbele ya kundi zima, hujamfundisha yeye peke yake. Wale 129 wasioandika wamekaa pembeni wanatazama, na kila mmoja anajisemea, haya, mimi sitii mguu hapo.

Sasa hiyo mada yako ya Jumatatu. "Jadili umuhimu wa udongo." Mwanangu, huo ni mtihani wa kidato cha nne! Mtu ametoka shamba, mikono ina matope, unamtaka ajadili. Uliza kitu ambacho jibu lake liko nje ya mlango wake.

Nikupe mfano wangu. Mwezi wa pili mwaka jana, mvua imetufungia ndani, niliuliza kwenye kundi letu la majirani na jamaa, la kuanzia hapa Uyole kushuka Tukuyu hadi Kyela: "Haidrenjia la kwako ni la buluu au la pinki? Piga picha tu, usiandike kitu." Nikatanguliza picha ya la kwangu, kwa sababu wengi wanalo uani lile ua la mabonge makubwa kama kichwa cha mtoto, ila jina hawalijui, na sikutaka asiyejua jina abaki nje. Niliuliza saa mbili usiku, watu wameshakula, jiko la mkaa liko katikati na simu iko mkononi. Mmoja alitoka na tochi usiku ule ule kwenye manyunyu. Kesho yake saa nne asubuhi picha zilikuwa 31, na nusu yake zimetoka kwa watu ambao nilikuwa nimesahau kwamba wamo.

Za Tukuyu karibu zote zilikuwa buluu, buluu ya wino. Za Mbeya mjini mchanganyiko. Mama mmoja wa Iyunga akatuma mbili, miche ya shina moja, aliikata kwa kisu kimoja siku moja: uliopo migombani buluu, uliopo chini ya ukuta pinki. Hapo ubishi ukaanza. Wengine wakasema mbolea, wengine jua, mmoja akasema mkono wa mpandaji. Ndipo akaingia fundi ujenzi mmoja ambaye tangu aongezwe, miaka miwili, hakuwahi kuandika hata herufi: "Huo ukuta mlipiga plasta lini? Saruji ikidondoka pale chini maua yanageuka. Nimeona nyumba nyingi."

Na ndivyo ilivyo. Ua hilo likiwa kwenye udongo wenye tindikali hufyonza alumini iliyomo ardhini na rangi inakuwa buluu. Udongo ukiingiwa na chokaa, saruji au majivu mengi, alumini haifyonzeki tena, linatoka pinki. Mvua za Rungwe zinaosha chokaa ya ardhini mwaka hadi mwaka, ndiyo maana chai inastawi kule na ndiyo maana ua la Tukuyu ni la buluu. Mimi hayo niliyakuta kwenye vitabu. Yule fundi aliyaona kwa macho yake akiwa juu ya jukwaa na mwiko mkononi, na kwa miaka miwili kundi zima hatukuwahi kumuuliza kitu anachokijua. Tangu siku ile ndiye tunayemwita bwana udongo, na sasa shida ni kumnyamazisha.

Mama mwingine wa Kyela, ambaye joto la kule halimwachii hata haidrenjia moja, aliandika maneno mawili tu ya Kinyakyusa: "Ndaga fijo", yaani asante sana. Nami nilimhesabu.

Wale wawili waliotuma picha za mtandaoni usiwaumbue. Uliwatisha, wakalipa faini. Ila wale tisa waliojitoa waandikie mmoja mmoja, pembeni, na kila mmoja umtajie kitu chake. "Kaka, siku ya kwanza ulisema bibi yako ana mawaridi ya kupanda ukutani, bado yapo?" Usinakili ujumbe mmoja ukawarushia wote, watajua. Wakirudi wanne, shukuru. Na wazee waruhusu watume sauti. Wengi hawaandiki kwa sababu miwani imevunjika, na hilo hawatakwambia.

*Kamwene Dada. Sisi ni akina mama wa hapa Iringa na Njombe tunaofuma kroshia, vitambaa vya makochi, kofia za watoto, masweta. Kundini tuna mwenzetu mmoja anayejua kila kitu, na kweli anajua, ndiye aliyetufundisha wengi wetu. Lakini swali likitua tu, yeye ameshajibu, sauti ya dakika nne. Wengine wamekaa tu. Tukimwambia atanuna, na tukimkosa tumekwisha.*
*Mfumaji, Kihesa*

Kamwene. Huyo mama namfahamu vizuri, maana nimewahi kuwa yeye. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia: "Shangazi, ukishajibu wewe, nani tena atajibu?" Nikanuna siku tatu, kisha nikaona ana haki.

Mpigie simu, usimwandikie. Usimwambie apunguze. Mwombe awe wa mwisho: swali likija asubuhi, wengine wajaribu mchana kutwa, yeye afunge jioni kwa kusema nani kapatia na nini kiongezwe. Mtu anayejua anapenda kuwa hakimu, hilo halitamuuma. Nawe swali usiliache linaelea, mpelekee mtu kwa jina: yule mwenye kitambaa cha mananasi kwenye kochi lake, muulize aliongezaje vishimo pale nanasi linapotanuka. Akijibu vibaya, mwacheni ajirekebishe mwenyewe, atafumua, uzi upo. Na jibu la kwanza la mtu aliyekuwa kimya lipokeeni kwa swali jingine. Makofi matupu yanamfungia mlango, maana baada ya makofi hana la kusema. Mkimuuliza alitumia sindano namba ngapi, ataandika tena.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ndiye huyo mkimya mnayemsema. Niko Makete, nina mizinga minne, na niko kwenye kundi la wafuga nyuki mwaka wa tatu sijaandika kitu. Nimepata mengi humo. Mke wangu anasema ni kama kula kwenye misiba ya watu. Je, ninaiba?*
*Msomaji tu, Makete*

Marahaba. Huibi. Maarifa hayapungui sahanini kama wali. Lakini mkeo naye usimpuuze, wanawake wa Makete hawaongei bure.

Unasema umepata mengi. Taja moja. Labda mtu aliwahi kuandika kwamba ukininginiza mzinga kwa waya upake grisi kwenye waya ili siafu wasipande, nawe ukapaka. Au mwingine alisema mzinga mpya usugue nta ndani ili kundi livutwe na harufu. Yule aliyeandika hajui kama kuna mtu duniani aliyejaribu. Alitupa neno kwenye giza akaenda kulala. Mtafute, mwandikie yeye peke yake kama kundi linakutisha: "Ule ushauri wa grisi niliufanya, siafu hawajapanda tena, mizinga mitatu ina nyuki." Ambatisha picha ya waya wenyewe, si lazima uso wako uonekane. Yeye ndiye atakayekuuliza kama aweze kuionyesha kundini, na ukikataa, kataa.

Halafu umeniambia mizinga ni minne, na hapo juu nimekukadiria mitatu ndiyo yenye nyuki. Kama wa nne wamehama, liandike hilo pia. Watu wanaandika mavuno peke yake, wenye mizinga mitupu wanadhani ni wao tu.