Usisome Barua ya Gavana Peke Yake

Tangu niandike hapa kwamba nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu na nimepita, ujumbe umekuwa mwingi. Asanteni sana. Mmoja umetoka kwa dada aliyeko Dodoma, anasoma shahada ya pili ya historia na anataka kuandika juu ya utawala wa Waingereza. Anasema: "Kaka, nasoma hizi barua za magavana lakini naona zote zinasema kitu kilekile, wenyeji wavivu, mambo shwari. Wewe ulipataje habari humo?" Nilimjibu kwa kifupi. Leo namjibu kwa kirefu, maana najua mko wengi mnaoitaka njia hii.

Mimi niliandika juu ya mawasiliano ya serikali kati ya Jamaica na London katika miaka ya 1860. Nilipopeleka wazo hilo mara ya kwanza, mzee mmoja kwenye jopo aliniuliza Mtanzania anatafuta nini Jamaica. Wenzake wakacheka, na ufadhili sikupewa. Mpaka leo linaniuma. Lakini nilikuwa na kitu ambacho wale waliokuwa mezani hawakuwa nacho: kabla ya kurudi shule nilikuwa karani wa masjala katika halmashauri. Nimeshika majalada kutwa nzima. Najua barua inavyopokelewa, inavyogongwa muhuri, inavyopewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na jinsi mkubwa anavyoandika dokezo la mistari miwili likamaliza ombi la mtu, huku mwenyewe yuko kijijini anasubiri jibu.

Nilipofungua majalada ya Ofisi ya Makoloni niliona kazi ninayoijua. Barua za gavana kwa Waziri wa Makoloni zilipewa namba kwa mfululizo, za siri zikawekwa kando. Zilivuka bahari kwa meli ya posta kwa muda wa wiki tatu hivi. Zikifika London, karani aliandika muhtasari mgongoni, kisha barua ikaanza kupanda ngazi. Za Jamaica zilipita kwa Henry Taylor, ambaye alikuwa ofisini hapo tangu 1824, zikaenda kwa katibu mkuu Frederic Rogers, ndipo zikamfikia Waziri, wakati huo Edward Cardwell. Kila mmoja aliandika maoni yake, akatia herufi za jina lake na tarehe. Baada ya hapo ndipo rasimu ya jibu ilipoandikwa, ikakatwakatwa, ikanakiliwa safi.

Dada yangu, habari unayoitafuta iko kwenye hayo maoni na kwenye hayo yaliyokatwa. Barua safi imeshaoshwa.

Chukua mfano mmoja. Mwezi Aprili 1865 watu maskini wa wilaya ya St. Ann walimwandikia Malkia Victoria. Ukame ulikuwa umewapiga, vyakula na nguo vilikuwa ghali kwa sababu ya vita vya Marekani, kazi hakuna. Waliomba wapewe ardhi ya serikali wailime kwa pamoja na kuilipia kidogo kidogo. Ombi la maana kabisa. Lakini kanuni ilikuwa kwamba barua ya mtu wa koloni ipitie kwa gavana. Gavana alikuwa Edward John Eyre, na kabla ya kuipeleka aliambatisha barua yake mwenyewe. Humo shida ya wale watu iligeuka kuwa uvivu wao na uchochezi wa Edward Underhill, katibu wa umisheni wa Kibaptisti, ambaye mwezi Januari alikuwa amemwandikia Cardwell kueleza umaskini wa Jamaica.

London ilisoma ombi kwa miwani ya Eyre. Jibu, la tarehe 14 Juni, lilitungwa na Taylor: fanyeni kazi kwa ujira, tena mfululizo, bila kuchaguachagua siku. Eyre akachapisha nakala 50,000 akaliita Ushauri wa Malkia, likabandikwa kila mahali na kusomwa makanisani. Watu wengi walikataa kuamini kwamba Malkia ndiye aliyesema vile. Na walikuwa sahihi! Maneno yalitoka kwenye meza ya Taylor. Mkulima asiyejua kusoma alilielewa jalada lile kuliko maprofesa wengine ninaowajua.

Yaliyofuata ni haya. Mwezi Agosti Paul Bogle, shemasi wa Kibaptisti, na wenzake walitembea kwa miguu hadi Spanish Town, mji mkuu wa wakati huo, kumwona gavana, akakataa kuwaona. Mwezi Oktoba, siku moja kabla ya mapambano ya Morant Bay, mji wa mashariki mwa Jamaica, walimwandikia tena kuomba ulinzi. Tarehe 11 damu ikamwagika pale mahakamani, na serikali ikatangaza sheria ya kijeshi. George William Gordon, mjumbe wa baraza la kutunga sheria, alikamatwa Kingston, ambako sheria hiyo haikufika, akapelekwa kwa meli Morant Bay, akanyongwa tarehe 23. Kesho yake akanyongwa Bogle.

Sasa ukiisoma taarifa ndefu ya Eyre ya tarehe 20 Oktoba peke yake, utamwona shujaa aliyekiokoa kisiwa. Cardwell mwenyewe alimsifu kwanza. Maswali magumu juu ya Gordon yalikuja baadaye, na Gordon alikuwa ameshazikwa kabla London haijasikia lolote, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na waya wa simu ya maandishi uliofanya kazi kuvuka Atlantiki. Tume ya kifalme ilipokaa mwaka 1866 ikahesabu waliouawa na serikali 439, waliochapwa viboko si chini ya 600, nyumba zilizochomwa 1,000. Katika barua ya Eyre huwaoni hao.

Kwa hiyo narudia: soma kilichobandikwa pamoja na barua. Soma tarehe za kufika, maana mtu hujibu alichokuwa nacho mezani siku ile. Soma rasimu. Uliza ombi lilipita mikononi mwa nani, na huyo alikuwa na ugomvi gani na mwombaji. Msikubali kuwa vijana wa kunakili aya za gavana na kuziita utafiti, ndugu zangu. Wale watu wa St. Ann walilima, wakakaa chini, wakaandika. Wana haki ya kusomwa na mtu aliyejipa taabu ya kufunua ukurasa wa pili.

Tena hili si la Jamaica tu. Tanganyika na Kenya zilipoingia chini ya Ofisi hiyohiyo, madokezo yalipanda ngazi hiyohiyo. Kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, majalada ya Ofisi hiyo yana alama CO: Jamaica ni CO 137, Kenya CO 533, Tanganyika CO 691. Kadi ya kusomea ni bure ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Kalamu ya wino hairuhusiwi, beba ya risasi. Kupiga picha kwa simu yako hulipii, basi piga na mgongo wa kila karatasi, hata ukionekana mtupu. Kama nauli bado, anza na taarifa zilizochapishwa za Bunge la Uingereza za mwaka 1866, halafu niandikie umekwama wapi.