Maziwa Hayakuwa Machache, Nilikuwa Peke Yangu

Jumanne usiku msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Dada, mtoto ana wiki tatu. Kila nikimweka titini nalia. Nahisi sifai kuitwa mama." Niliusoma ujumbe huo mara nne, na yangu yote yakanirudia.

Kifungua mimba wangu alizaliwa msimu wa mvua za Aprili, tukikaa ghorofa ya nne huko Umoja. Siku ya tano chuchu zilikuwa zimechanika zinatoa damu. Mtoto akianza kulia, mwili wote ulikakamaa hata kabla hajanigusa. Mama mkwe, akiwa kwenye kochi, alisema maziwa yangu ni maji matupu, mtoto apewe ya ng'ombe. Wifi akaongeza kwamba wenzangu wananyonyesha mapacha. Maneno hayo yananiuma hadi leo. Mume wangu alinyamaza. Nikawa najifungia bafuni, nafungulia mfereji wasinisikie.

Wiki ya sita nilimpeleka mtoto chanjo. Muuguzi aliniona nikifuta machozi kwenye foleni, akaniita kando. Alimgeuza mtoto, tumbo lake likaelekea langu, akangoja apanue mdomo hadi akashika weusi wa titi, si ncha peke yake. Maumivu yakapungua palepale. Kisha akaniuliza, "Na wewe, mama, ulilala lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ndiye aliyenieleza kwamba maziwa hushushwa na homoni iitwayo oksitosini, na kwamba maumivu na wasiwasi huizuia. Titi linaweza kuwa limejaa na maziwa yasishuke. Huzuni ya siku za kwanza huwapata wengi, alisema, lakini ikipita wiki mbili usiiite uchovu, tafuta matibabu. Yangu ilikuwa imepita. Nilienda kwa mshauri miezi miwili, na siioni kuwa aibu.

Likizo ya miezi mitatu iliisha nikarudi kazini, nikawa nakamua chooni huku msimamizi akihesabu dakika. Sikujua kwamba Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye kiti, mahali pa kunawa na pa kuhifadhia maziwa baridi, pamoja na muda wa mapumziko usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Wewe jua mapema. Omba kwa maandishi.

Kwa hiyo, dada yangu: mwambie mtu mmoja ukweli, kesho, si wiki ijayo. Nenda kliniki wakutazame ukinyonyesha, maana wengi hupewa maneno tu. Lala mtoto akilala, vyombo vingoje. Na ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho, nenda hospitali usiku huohuo ukiwa na mtu.

Nanyi akina baba, mama mzazi hahitaji hotuba juu ya maziwa ya mama. Osheni nepi. Pikeni uji wa wimbi. Mama yenu akimsema, semeni neno! Wageni wanaokuja kumpakata mtoto na kuondoka, washikisheni ufagio kwanza.

Jana yule msomaji wa Kayole ameniandikia tena. Dada yake amefika kutoka Machakos, naye mwenyewe amelala saa tatu mfululizo. Ijumaa wanaenda kliniki pamoja.